"Katoto kazuri jamani!" Tunapomsifia chotara, tunamwambia nini dada yake?

Mama Wawili, Moshi

Nina mabinti wawili. Mkubwa ana miaka tisa; baba yake, Mpare wa Same, alifariki mtoto akiwa na miaka miwili. Mdogo ana minne. Baba yake ni Mholanzi aliyekuja Moshi kwa kazi za maji, tukaoana. Wote nimewazaa kwa uchungu uleule, na jioni wanagombea rimoti moja.

Jumamosi moja nilikwenda nao sokoni Mbuyuni kununua ndizi mshare. Mama muuza ndizi alipomwona mdogo aliacha kupanga mafungu yake. "Jamani katoto kazuri! Kama kadoli! Hebu ona nywele!" Akampa parachichi, bure. Kisha akamtazama mkubwa, aliyekuwa amemshika mwenzake mkono. "Na huyu?" Nikamjibu: dada yake. Akasikitika: "Mbona mdogo hivi? Mmemtoa Singida?"

Mnajua neno "dada" mjini limepewa kazi gani. Mwanangu naye alijua. Tangu siku hiyo tukikutana na mtu asiyetufahamu, kabla hajaulizwa anatangaza mwenyewe: "Mimi ni dada yake wa tumbo moja." Mtoto wa miaka tisa anatembea na cheti cha kuzaliwa mdomoni.

La pili. Mdogo nilimwandikisha chekechea, na hata mwezi haujaisha nikakuta picha yake kubwa kwenye bango la getini. Hawakuniomba. Shule ina watoto zaidi ya mia. Nilipouliza niliambiwa, kwa tabasamu, kwamba sura yake inavuta wazazi. Mkubwa alisoma palepale miaka miwili; picha yake iko kwenye faili.

Nakiri na langu kabla hamjanisuta. Mdogo alipozaliwa nilikuwa natuma picha zake kwenye kundi la ukoo kila siku ya Mungu. Za mkubwa nilikuwa natuma akifaulu mtihani. Hakuna aliyenifundisha hivyo.

Hoja yangu ni hii: tuache kumsifia mtoto chotara uzuri hadharani, hasa akiwa na wenzake. Ndugu zangu wanasema nakuza mambo, sifa ni baraka na mimi nainunia. Mnasemaje?

Msusi wa Kijenge, Arusha

Pole mama, ila nakukatalia. Macho hayana pazia. Mtu akiona kinachompendeza atasema, utamziba mdomo? Kosa la yule mama wa ndizi si kumsifia mdogo, ni kumfanya mkubwa mtumishi. Hayo ni mambo mawili, usiyafunge kwenye kanga moja.

Halafu niwaambie ninayoyaona kwenye kiti changu. Chotara wanaletwa hapa, na wengi wao nywele ni kavu, zimejikunja, zinavunja chanuo. Mama mmoja alisimama hapa machozi yakimlengalenga: "Baba yake si mzungu? Mbona zimetoka za kipilipili?" Mtoto yuko kwenye kiti, ana miaka mitano, anasikia kila neno. Alitaka nizitie dawa. Nikakataa, dawa ya kulainisha huunguza hata kichwa cha mtu mzima. Akavuka barabara akaenda saluni nyingine, sijui walimfanyia nini.

Kwa hiyo msidhani chotara wote wanasifiwa. Wanasifiwa waliotoka walivyotarajiwa. Aliyechukua rangi ya mama na nywele za bibi mzaa mama, watu wanamtazama baba yake kwa jicho la "una hakika?"

Mwalimu wa Baiolojia, Moshi

Kila nikifundisha urithi wa tabia lazima mwanafunzi mmoja aniambie: "Mwalimu, chotara lazima awe bora, si kama mahindi?" Lugha yetu ndiyo inayotuponza. Neno moja tunalitumia kwa mbegu ya dukani, kwa kuku anayekua haraka, kwa ng'ombe wa maziwa na kwa mtoto wa mtu.

Mahindi chotara yana nguvu kwa sababu wazazi wake ni mistari miwili ya mbegu iliyopandishwa ndani kwa ndani vizazi vingi mpaka kila mmoja ukadhoofika. Ukiikutanisha, udhaifu wa huu unafunikwa na ule. Mkulima yeyote wa huku anajua pia kwamba ukihifadhi mbegu yake ukapanda msimu unaofuata, mavuno yanashuka. Sasa, Mpare wa Same na Mholanzi hakuna aliyepandishwa namna hiyo. Na tofauti za kijeni zilizomo ndani ya Afrika peke yake ni nyingi kuliko za bara lolote, kwa hiyo Mpare akioana na Mhadzabe, kijeni "wamechanganya" vizuri tu, ila hakuna atakayewapiga picha ya bango.

Upo utafiti ambao watu hupenda kuutaja. Mwaka 2010 Michael Lewis wa Chuo Kikuu cha Cardiff alichukua picha 1,205 za nyuso kutoka Facebook, za weusi, weupe na chotara, zikakadiriwa kwa uzuri, na chotara kwa wastani wakapata alama za juu zaidi. Siukatai. Lakini kukadiria uzuri si kupima sukari. Kipimo ni jicho la mtu, na jicho limelelewa mahali fulani. Mpelekeeni mama wa Mbuyuni picha hizohizo muone.

Na kuhusu huo weupe wenyewe: mwaka 2017 ulitoka utafiti uliopima ngozi na jeni za watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana. Ulionyesha kwamba baadhi ya jeni zinazofanya ngozi iwe nyeupe zimo Afrika tangu kale, mamia ya maelfu ya miaka. Hapa mlimani utakuta nyumba moja ina mweusi tii na maji ya kunde, baba mmoja mama mmoja, na hakuna Mzungu aliyepita.

Mpita Njia, Arusha

Maji hayatoki wiki ya pili, nyie mnapima nywele.

Msusi wa Kijenge, Arusha

Na wewe umesoma mpaka mwisho.

Chalii wa Sakina, Arusha

Mimi ndiye huyo "katoto kazuri", sasa nina miaka 31 na kipara kinaanza.

Mama ni wa Kibosho. Baba alikuja kupanda mlima, akashuka, akapanda ndege. Utotoni nilipewa pipi na kila mwenye duka. Kanisani nilikuwa malaika miaka mitatu mfululizo, mpaka sauti ilipovunjika. Mwalimu alikuwa ananiweka mbele wageni wakija. Wenzangu walikuwa wananipiga nyuma ya choo kwa sababu hiyohiyo. Mama Wawili, hilo uliweke akilini: bili ya zile sifa alitumiwa binti yako mdogo pia, atailipa shuleni.

Halafu sifa zina umri. Nikiwa na miaka kumi na sita, nikipita mtaani ni "mzungu koko". Nilipokwenda ofisi moja ya serikali kutafuta kitambulisho niliambiwa nirudi na mama, nirudi na cheti cha mama, nirudi na barua ya mtendaji, wakati aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alimaliza siku hiyohiyo. Wajomba walipogawa kihamba, shamba la ukoo, nikaambiwa, kwa utani, "wewe si una kwenu Ulaya". Nilikuwa sijawahi kuvuka hata Namanga.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilisifiwa kama mgeni. Siku ya tatu nikaomba jembe, wakaninyima.

Ndiyo maana simwelewi Msusi anaposema sifa ni jambo moja na dharau ni jingine. "Mzuri jamani" na "kwenu wapi" vilitoka mdomo uleule, tena wakati mwingine kwa pumzi moja.

Mzee wa Kibosho

Kijana, umeandika vizuri ila kwenye kihamba umechanganya. Kwa mila kihamba kinakwenda kwa ukoo wa baba. Mtoto wa binti, hata awe mweusi kama chungu, kwa wajomba ni mpwa tu. Usiifanye rangi iwe sababu ya kila kitu.

La historia nawaongezea. Serikali ya Wajerumani ilikataza ndoa za mchanganyiko katika koloni hili mwaka 1906. Ilikataza ndoa, haikukataza watoto. Watoto waliendelea kuzaliwa, na baba zao wakawa na kisingizio cha sheria. Mimi nilipokuwa mdogo chotara hakusifiwa hata kidogo. Alionewa huruma, na mama yake alisemwa. Huu uzuri mnaougombania ni wa juzi, umekuja na televisheni na hawa wanaopanda mlima.

Chalii wa Sakina, Arusha

Shikamoo mzee. Mila naijua. Lakini binamu yangu, naye mtoto wa binti, alipewa kipande cha kujenga pembeni ya kaburi la babu. Hakuna aliyemwambia ana kwao.

Mzee wa Kibosho

Marahaba. Hilo sikulijua. Hapo wajomba zako hawakufanya haki.

Binti wa Njiro, Arusha

Naomba nimuunge mkono Chalii kwa mfano wa nchi nzima. Mnaukumbuka mwaka 2007? Taji la Miss Tanzania alivikwa Richa Adhia, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi. Redio na vijiwe vyote vikauliza: huyu atatuwakilishaje? Si chotara, najua, lakini swali lilikuwa lilelile la "kwenu wapi". Mwaka huohuo Flaviana Matata, mweusi, kichwa kimenyolewa, alikwenda Miss Universe kule Mexico na akaingia kumi bora. Nyumbani wapo waliomcheka kile kichwa mpaka walipoona wenzetu wanampigia makofi, ndipo akawa wetu.

Yaani weupe tunautaka kwenye kadoli na kwenye bango la shule. Ukifika kwenye bendera tunauliza damu. Na weusi wetu wenyewe tunasubiri usifiwe kwanza na wengine.

Msusi, wewe unajua kuliko mimi: mabibi harusi wangapi wanakuja kwako wamekwisha kujipaka mkorogo wiki tatu kabla? Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini miaka mingi, na bado vinauzwa chini ya meza. Wale hawakuzaliwa wanauchukia uso wao. Walisimama siku moja pembeni ya katoto kazuri.

Msusi wa Kijenge, Arusha

Wanakuja. Vidole vya miguu na vifundo vinabaki vyeusi, uso mwekundu kama umechomwa na mvuke. Nawapaka poda nakaa kimya, maana na mimi nina kodi ya kulipa. Hapo umenipata, dada.

Lakini bado nauliza: mtoto mzuri nisimwambie ni mzuri? Wa kwangu nawaambia kila asubuhi, na ni weusi wote wanne.

Mzee wa Kibosho

Kuhusu bendera, msisahau kwamba yupo aliyelikataa jambo hilo mapema. Oktoba 1961, wakati wa kujadili sheria ya uraia, walikuwepo wajumbe waliotaka uraia ufuate rangi. Nyerere alikataa katakata, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu. Zilikuwa zimebaki wiki chache tupate uhuru.

Na Botswana walimpa chotara jembe, tena kubwa: Ian Khama, mtoto wa Seretse na Mwingereza Ruth Williams, rais kuanzia 2008 hadi 2018. Ila mkumbuke baba yake alizaliwa katika ukoo wa machifu. Ukoo wa baba, nilisema.

Binti wa Njiro, Arusha

Mzee, na wale ambao baba kapanda ndege?

Mama Wawili, Moshi

Nimewasoma wote. Chalii, umeninyima usingizi, maana nilidhani namtetea mkubwa tu. Bango nimeomba litolewe. Mkuu wa shule kashangaa, kaniuliza kama nina ugomvi na mume wangu. Ameahidi litashuka likizo, wakipata fundi.

Msusi, nimekubali nusu. Sitawakataza watu kumsifia. Nitakachofanya, wakimsifia mmoja namleta wa pili mbele na kumtaja jina.

Leo nilipita Mbuyuni peke yangu. Yule mama kanikumbuka. "Katoto kako wapi?"

Nikamwambia wote wawili wako nyumbani.

"Aa, na dada bado hajaondoka? Una bahati, wa kwangu wanakimbia."

Ikabidi nikae kwenye kreti nimweleze: ni wangu, tumbo moja, baba tofauti, wa kwanza alifariki. Alinishika mkono kwa huruma ya kweli, sina sababu ya kusema uongo. Akanipa pole ya mume. Akafikiri kidogo, akasema: "Basi marehemu alikuwa mweusi kwelikweli."

Msusi wa Kijenge, Arusha

Ukamjibu nini?

Mama Wawili, Moshi

Nilimwambia ndiyo, alikuwa mweusi, na alikuwa mwanamume mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona, huyu Mholanzi wangu asisikie. Alicheka mpaka akashika mbavu. Alidhani natania.