Nimeshikishwa dau la ubishi wa Burton na Speke hapa Ujiji, nimpe nani ushindi?

Mwisho_wa_Reli:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri wa haraka maana hapa kijiweni hakukaliki. Iko hivi, jumapili watu wanacheza bao nje ya duka, ikapita gari ya watalii wakaulizia njia ya kwenda makumbusho ya Livingstone, basi ubishi ukaanzia hapo. Dogo mmoja wa bodaboda akaropoka kwamba Livingstone ndo mzungu wa kwanza kuliona ziwa letu la Tanganyika. Huyo alizimwa palepale, Livingstone katia mguu Ujiji 1869 wakati wale wapelelezi Waingereza, Burton na Speke, walishapita Februari 1858, dogo akalipa soda zake akawasha pikipiki.

Shida ni waliobaki. Kuna mzee wetu mmoja alikuwa anafanya kazi melini, anasema aliyeliona kwanza ni Speke. Mwalimu wa sekondari anasema Burton. Wakawekeana dau, atakayeshindwa anawanunulia kijiwe kizima migebuka ya kuchoma na ugali wa muhogo halafu anashinda siku nzima amevaa jezi ya timu ya mwenzake, na mzee ni Yanga wa kufa mtu, mwalimu Simba. Mimi ndo nikafanywa mshika dau, hela za wote wawili ninazo na karatasi wamesaini nyuma ya kalenda.

Sasa mwalimu kaja na hoja kwamba siku ile ya tarehe 13 Februari Speke alikuwa haoni, macho yanaumwa, ziwa zima kwake ni ukungu mtupu. Nikajua imeisha. Kumbe mzee naye kaenda kusoma, karudi kesho yake anasema Burton alikuwa hatembei, miguu imekufa ganzi, njia nzima anabebwa na wapagazi kwenye machela, sasa mtu wa kubebwa utasemaje katangulia?

Na kuna madau mawili ya pembeni. Mzee anasema safari ileile walifika mpaka mdomo wa mto Rusizi, kule kaskazini mwa ziwa, wakahakikisha maji yanaingia ziwani, mwalimu anakataa. La tatu ni tarehe ya yule mwandishi wa habari Stanley kumkuta Livingstone hapa Ujiji, mwalimu anasema 10 Novemba 1871, dogo wa bodaboda (karudi tena huyu) anasema ilikuwa Oktoba. Mama wa migebuka kila nikipita ananiuliza atie mkaa au asitie. Nifanyeje wakuu?

Mtoto_wa_Kibirizi:
Mkuu karatasi inasemaje, iandike hapa kama ilivyo usiongeze chumvi

Mwisho_wa_Reli:
"Mzungu wa kwanza kuliona Ziwa Tanganyika kati ya Burton na Speke". Basi, hakuna kingine, na sahihi mbili.

Mtoto_wa_Kibirizi:
Burton. Mtu anaona kwa macho haoni kwa miguu, hata angefika amebebwa mgongoni. Tia mkaa.

Kanyenye_Classic:
Msikimbilie huko. Mimi niko Tabora, hawa jamaa kwetu walifika Novemba 1857, enzi hizo panaitwa Kazeh, wakakaa kwa Waarabu, na ni Mwarabu mmoja Snay bin Amir ndo aliwafungua akili kwamba maziwa ni matatu mbalimbali, sio bahari moja kubwa kama walivyokuwa wanadhani huko kwao. Kwa hiyo nimewafuatilia kidogo. Burton mwenyewe anaeleza walivyopanda kile kilima, akaona kitu kinang'aa kule chini akamuuliza Bombay kile ni nini, Bombay akamwambia nadhani yale ni maji. Umeona hapo? Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa India akarudi, ndo aliyetambua ziwa. Burton aliona mwanga tu. Tena hakufurahi, alianza kujilaumu kaharibu afya yake bure kwa kijiziwa kidogo namna ile, maana miti ilimziba na, sikilizeni hapa, anakiri na macho yake yalikuwa hayajapona vizuri. Kwa hiyo yule mzee wa meli ana pa kushika, wote wawili walikuwa wagonjwa wa macho.

Mwisho_wa_Reli:
Sasa mkuu wewe umekuja kunisaidia au kuniongezea kesi

Dada_wa_Mwanga:
Kanyenye malizia stori, usikate katikati. Burton akasogea hatua chache mbele ndo ziwa zima likafunguka, milima ya ng'ambo, mitumbwi ya wavuvi, vijiji, akasahau na ugonjwa wote. Kwa hiyo aliliona. Speke je? Speke mwenyewe kwa mkono wake ameandika kwamba siku ile kila mtu aliliona Tanganyika katika uzuri wake wote isipokuwa yeye. Mshtakiwa kakiri mahakamani mnataka shahidi gani tena. Mwalimu kashinda, mzee avae jezi nyekundu.

Kanyenye_Classic:
Dah. Kama kaandika mwenyewe nakunja jamvi.

Buzebazeba1:
Mnagombania mzungu wa kwanza wakati soko la Ujiji lilikuwepo na Waarabu walishajenga na wavuvi wetu wanavua tangu enzi na enzi, dau lenyewe halina kichwa wala miguu

Dada_wa_Mwanga:
Ndo maana karatasi imesema mzungu. Usituharibie samaki.

Kasia_Moja:
Mimi namuonea huruma Speke jamani. Mwezi uliofuata, Machi 1858, alitumwa avuke upande wa pili kisiwa cha Kasenge akakodi jahazi kwa Mwarabu, jahazi hakulipata. Njiani usiku upepo umeangusha hema, akawasha mshumaa apange vitu vyake, wakaja wadudu wamejaa tele, dundu mmoja mdogo akamwingia sikioni. Akamwaga siagi iliyoyeyushwa, wapi, mdudu anazidi kuchimba. Akachukua kisu kidogo akachokoa, kamuua lakini kajiumiza vibaya, uso ukavimba hawezi kutafuna, na baadaye kila akipenga kamasi sikio linapiga mluzi watu wanacheka. Miezi mingi vipande vya mdudu bado vinatoka na nta. Macho haoni, sikio limekufa, jahazi hakupata. Mpeni mzee wetu hata nusu samaki kwa heshima ya Speke.

Mtoto_wa_Kibirizi:
Sina mbavu 😂 ila dau ni dau

Kasia_Moja:
Na la Rusizi mzee kapigwa pia. Aprili 1858 walipanda mitumbwi miwili mpaka Uvira, huko wapiga makasia wakagoma kuendelea. Walichopata ni maneno ya watoto wa chifu kwamba mto unaingia ziwani. Hawakufika mdomoni wala hawakuona. Na ubaya wake Burton baadaye, 1864, akageuka akaanza kudai labda Rusizi inatoka, kwa sababu alitaka Tanganyika iwe chanzo cha Nile amkomoe Speke, maana Speke alishaliona Victoria pale Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 wakati Burton kabaki Tabora anaumwa, na akasema Nile inatoka kule. Hao wawili hawakumaliza ubishi wao, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wao kule Bath Uingereza. Rusizi ilikuja kuthibitishwa na Livingstone na Stanley mwezi Novemba 1871, wakaenda kwa mtumbwi kutoka hapohapo Ujiji wakakuta maji yanaingia.

Ustadh_Gungu:
Ndugu yangu mshika dau, mimi sina la Burton. Hela kutoka pande zote mbili, mmoja anakula ya mwenzake, hiyo ni kamari hata mkiipaka mawese. Fanya hivi, changanya hizo hela ziwe mchango wa wote, nunua samaki kijiwe kile, na adhabu ibaki jezi peke yake. Hakuna aliyedhulumiwa na utani unabaki palepale. Na huyo mzee msimtangazie kushindwa mbele za watoto, mwite pembeni kwanza.

Mwisho_wa_Reli:
Ustadh hapo umenitua mzigo. Na la tarehe?

Dada_wa_Mwanga:
Hilo livunje. Stanley anasema 10 Novemba, lakini kumbukumbu za Livingstone zinaangukia Oktoba, na mzee wa watu alishapoteza hesabu ya siku huko alikokuwa. Mwalimu na dogo kila mtu arudi na chake.

Mwisho_wa_Reli:
MREJESHO: Nimemwita mzee pembeni kama Ustadh alivyosema, nikamsomea maneno ya Speke mwenyewe. Kakaa kimya, akasema "basi kama kakiri kajimaliza". Samaki wameliwa kwa hela ya wote, mwalimu ndo kala wengi. Jezi mzee kakubali ila juu kavaa koti na jua lote hili, mwalimu analalamika kwamba koti halikuwemo kwenye makubaliano. Na tayari mzee kaweka dau jipya, anasema mzungu aliyegundua maji ya ziwa yanatoka kwa mto Lukuga ni Stanley, mwalimu anasema Cameron, mpelelezi mwingine Muingereza. Mimi nimekataa kushika hela.

Kasia_Moja:
Haha hilo ndo litawaua. Cameron 1874 alisema maji yanatoka, Stanley kaja 1876 akakuta mto umezibwa na mafunjo na tope, akasema bado hayatoki. Waambie waandike na mwaka kwenye karatasi, na koti waliandike kabisa.