Biwi la Rehema linanuka

*Jumamosi*

Rehema: Shikamooni wakubwa. Naomba msaada. Biwi langu la mboji linanuka mpaka jikoni na nzi wamejaa. Mwezi mzima namwaga humo maganda ya matunda na mabaki ya mboga. Nilifukie tu yaishe?

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Usilifukie, linaponyeka hilo. Harufu yenyewe ni ya yai viza, au kali ya kuchoma pua kama mkojo?

Rehema: Yai viza. Na chini ni uji mweusi.

Shangazi Zuhura: Basi limekosa hewa. Maganda yana maji mengi, yakilaliana yanashikana, hewa haipiti, vinaingia vijidudu visivyohitaji hewa na ndivyo vinavyotoa uvundo huo. Ingekuwa ile ya mkojo ningesema nitrojeni imezidi, inapotea hewani kama amonia. Pindua lote leo, ukichanganya na vitu vikavu: majani yaliyopukutika, maranda, katoni iliyochanwachanwa. Kuanzia sasa kila ndoo ya maganda iende na ndoo mbili au tatu za vikavu, na vikavu ndivyo viwe juu, nzi wasipate pa kutua.

Mjomba Idi: Maranda ya mbao zilizopakwa rangi au dawa usiweke kabisa.

Rehema: Jamani, mimi majani makavu huwa nayachoma!

Shangazi Zuhura: Usiyachome tena Rehema, inaniuma kusikia hivyo. Yajaze kwenye magunia, uyaweke hapo hapo kando ya biwi.

Hamisi: Na maji je? Mimi langu ni kavu, halisogei.

Shangazi Zuhura: Jaza kiganja ukamue. Yakidondoka matone mawili matatu, sawasawa. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Ikimomonyoka tu mkononi, nyunyizia maji huku unapindua. Na lisiwe dogo, walau mita 1 kila upande, la sivyo joto halikai. Likifika nyuzi 55 likadumu hapo siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu hufa.

Babu: Mimi sina kipimajoto. Nachomeka nondo katikati, baada ya dakika 10 naichomoa naishika. Ikiwa ya moto, kazi inaendelea.

Hamisi: Shikamoo Babu. Msimu uliopita niliweka mboji miche ikageuka njano yote. Mpaka leo sielewi.

Shangazi Zuhura: Ilikuwa mbichi. Mabua yalikuwa bado yanamegwa, na vijidudu vikachukua nitrojeni ya udongo, miche ikabaki na njaa. Subiri iwe nyeusi, yenye chembechembe, inukie kama ardhi baada ya mvua. Ukiwa na shaka, panda mbegu chache kwenye kopo la mboji hiyo. Zikiota zikanawiri, imeiva.

Mjomba Idi: Nyama, maziwa na mafuta pia yasiingie, vinaita panya.

*Jumatano*

Rehema: Shangazi, harufu imekata!! Alfajiri lilikuwa linafuka mvuke. Nimechomeka nondo kama Babu, imetoka sikuweza kuishika. Nilipindue tena leo?

Shangazi Zuhura: Nimefurahi mno mwanangu! Leo liache. Likianza kupoa ndipo ulipindue, ya pembeni yaingie katikati.

Rehema: Sawa Shangazi. Ila vikavu vimeniishia.

Hamisi: Huku kwangu kuna magunia manne ya majani. Nakuletea jioni.