Tairi limezunguka raundi 5 likarudi palepale, kwa nini angula displesmenti sio sifuri?

MtotoWaPCM
Wakuu naombeni msaada, nipo fomu faivu na hii topiki ya mwendo wa duara inanivuruga. Swali linasema tairi la baiskeli lenye nusu kipenyo cha sm 30 limezunguka raundi 5, tafuta angula displesmenti (yaani pembe ambayo tairi limegeuka). Jibu nyuma ya kitabu ni rediani 31.4. Sasa si tulifundishwa ukirudi ulipoanzia displesmenti ni sifuri? Na hapa kila kitu kimerudi palepale. Afu kwenye s = rθ (s ni urefu wa tao, yaani kipande cha mzingo wa duara, r ni nusu kipenyo, θ au theta ni pembe) kwa nini wanakataza digrii wakati ndo tumezizoea tangu msingi

fundi_namba
Dogo kanuni ni ileile, mahali pa mwisho toa mahali pa mwanzo, ila angalia unapima nini. Geuza baiskeli miguu juu, uzungushe tairi raundi 5, ile sehemu ya kujazia upepo itarudi ilipokuwa, kwa hiyo displesmenti yake kwa mita ni sifuri kweli, hapo upo sawa. Lakini theta haifutwi ikifika 360, inaendelea tu kuhesabu 2π, 4π, 6π mpaka 10π, ndo hiyo 31.4. Ingekuwa inafutwa basi tairi lililozunguka raundi 5 na lililosimama yangekuwa na jibu moja, sa kasi ya mzunguko ungeipataje?

Kuhusu digrii, rediani 1 ni ile pembe ambayo tao lake lina urefu sawa na nusu kipenyo (kama digrii 57.3 hivi), ndo maana ukizidisha θ kwa r unapata urefu wa tao moja kwa moja. Jaribu kuweka digrii uone, 1800 × 0.3 = 540, yaani raundi 5 za baiskeli zimekutembeza mita 540 😂 Kwa rediani ni 31.4 × 0.3, mita 9.42.

mto_wa_equator
Niongezee hapo, pembe haijali uko mbali kiasi gani na mhimili, tao ndilo linajali. Dunia inageuka karibu digrii 15 kwa saa, na hiyo pembe ni moja kwa mtu wa Nanyuki na mtu wa London. Lakini Nanyuki iko kwenye ikweta, duara lake ni kubwa, kwa saa moja inapitishwa kama kilomita 1,670, London kama 1,040 tu.

Bi_Vekta
Na usisahau mwelekeo, angula displesmenti ni vekta (kitu chenye ukubwa na mwelekeo), unatumia mkono wa kulia, vidole vinafuata mzunguko na dole gumba linaonyesha mhimili.

fundi_namba
Bi Vekta hapo taratibu kidogo, hiyo ni kweli kwa pembe ndogo sana. Pembe kubwa zinagoma kujumlishwa kama vekta. Chukua kitabu ukiweke mezani, kizungushe digrii 90 kwenye mhimili wa wima afu 90 nyingine kwenye mhimili wa kulala, halafu kirudishe kilivyokuwa na uanze na ule wa kulala. Kinaishia mikao miwili tofauti, wakati vekta ukianza na A au B jumla haibadiliki. Kwa tairi lenye ekseli moja haisumbui, unahitaji alama ya kujumlisha au kutoa basi.

MtotoWaPCM
Aisee nimeelewa, kumbe theta haifutwi. Sasa likizunguka 5 mbele afu 2 nyuma?

fundi_namba
Raundi 3, yaani 6π, kama rediani 18.85. Wakiuliza jumla ya pembe yote iliyopitiwa hapo ndo unajumlisha raundi 7, 14π. Soma swali vizuri, watunga mitihani wanapenda sana kukutegea hapo.