Mrejesho: mbio za usiku kwenye joto la Mtwara

Wakuu, nimerudi. Ni mimi niliyeuliza mtu aliyezoea baridi ya Njombe ajiandaeje kukimbia kilomita 10 saa 2 usiku hapa Mtwara, Desemba hii.

Nimemaliza, dakika 68. Najua, konokono.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuja mapema. Nilifika siku 12 kabla, nikawa nakimbia kila jioni Shangani, mwanzoni dakika 20 tu. Nilidhani jua likishazama mambo yatakuwa mepesi. Wapi! Unyevu wa hewani hauliachi jasho likauke. Linachuruzika mpaka kwenye soksi na mwili haupoi. Siku ya nane hivi ndipo moyo ulipoacha kunienda mbio ovyo.

Fulana ya pamba niliiacha mapema, ikilowa inakuwa gunia. Na dada uliyesema nipake mafuta ya mgando mapajani, Mungu akuzidishie.

Ila mkuu uliyenikataza kula kizito jioni, nisamehe. Saa 11 nilifakamia wali wa nazi na pweza. Kilomita ya 6 pweza akakumbuka kwao baharini, ikabidi nitembee mpaka atulie.