Sanamu ya wapanda farasi wa Terry pale Austin: ibaki au iondoke?

Mkwaju
Wakuu, naomba tujadili bila matusi. Kwenye uwanja wa bunge la jimbo la Texas, mjini Austin, kuna sanamu ya shaba ya mpanda farasi, kazi ya mchongaji Pompeo Coppini, iliyosimamishwa mwaka 1907. Ni kumbukumbu ya Terry's Texas Rangers, yaani Kikosi cha 8 cha Wapanda Farasi wa Texas, waliopigania majimbo ya Kusini yaliyojitenga, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865. Kwenye msingi wake yamechongwa maneno ya sifa kutoka kwa wakubwa wao, akiwemo rais wao Jefferson Davis. Ndugu zetu walioko Texas ni wengi, na watoto wao wanapita hapo na shule zao. Ibaki ilipo, ipelekwe makumbusho, au iwekewe kibao cha kueleza vita vile vilikuwa vya nini?

Hatamu
Ibaki. Wale ni vijana wa mashambani walioingia vitani na bunduki za kuwindia ndege, dhidi ya serikali yenye viwanda vya silaha, na bado kwenye pambano la Fallen Timbers wakamfukuza Sherman mwenyewe, jenerali wa Muungano, yaani upande wa Kaskazini. Utumwa ulikuwa wa matajiri. Mwaka 1862 hao matajiri walijitungia sheria: mwenye watumwa 20, mzungu mmoja wa shamba lake haandikishwi jeshini. Askari wa kawaida alaumiwe kwa lipi?

Kitako
Mkuu Hatamu, hilo la "bunduki za kuwindia ndege" ufute. Bunduki ya mitutu miwili iliyoshindiliwa marisaa makubwa ya kuulia paa, kwa umbali wa mita 40 kurudi chini, ilikuwa silaha mbaya kuliko karabini yoyote, yaani bunduki fupi ya wapanda farasi, iliyokuwepo 1861. Mpanda farasi akiwa mbioni hawezi kulenga, mwili wake unaruka juu na chini. Risasi moja inakwenda inakojua. Marisaa yanatawanyika, kwa hiyo kosa la mkono linasamehewa. Kanali Terry, mwanzilishi wa kikosi, alipokusanya kombania zake 10 kule Houston, Septemba 1861, hakuwa ameishiwa silaha. Wale watu walijua wanachokitaka: bunduki ile, bastola ya Colt kiunoni, kisu kirefu, basi. Upanga walikuwa hawautaki.

Nyundo
Kitako, unaeleza mlio wa kwanza tu. Tueleze wa tatu. Hilo ni gobore, linashindiliwa kwa mdomo. Baruti inatangulia, juu yake tonge la kitambaa au karatasi nene, unakandamiza kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, unamimina marisaa, unaweka tonge la pili la kuyazuia, halafu unavisha fataki, kikofia kidogo cha kuwashia baruti, kwenye kichuchu cha nyuma. Mitutu ni miwili, kwa hiyo kazi yote hiyo mara mbili. Juu ya farasi anayekimbia, huku ameshika hatamu? Hakuna. Ukishapiga mbili umebaki na rungu.

Kitako
Ndiyo maana ya bastola, mkuu. Hakuna aliyekuwa anashindilia upya katikati ya shambulio. Unapiga mtutu wa kulia, wa kushoto, unaitundika bunduki kwenye tandiko, unachomoa Colt. Modeli ya Navy ina risasi sita. Mwenye bastola mbili ana kumi na mbili, na kabla hazijaisha ama adui amevunjika ama wewe umegeuza farasi.

Nyundo
Na Colt hiyo unaijua matatizo yake? Kila chemba inapimiwa baruti peke yake, inawekwa risasi ya duara, inasukumwa na kile kiwiko kilicho chini ya mtutu, kisha fataki sita nyuma. Midomo ya chemba usipoipaka mafuta, cheche ya chemba moja inarukia ya jirani na bastola inalipuka zote kwa mkupuo mkononi mwako. Halafu fataki ikishapasuka, kipande chake kinadondokea kwenye mtambo na silinda haizunguki tena. Wenye uzoefu walikuwa wanainua mdomo wa bastola juu kila wanapovuta nyundo, ili kipande kianguke nje. Sasa mvua inyeshe ulowe kila kitu.

Bi Zawadi
Jamani, tumeulizwa sanamu, mmegeuza karakana ya bunduki. Kaka Hatamu amesema utumwa ulikuwa wa matajiri. Sawa, tuangalie kikosi hiki hiki. Benjamin Franklin Terry alikuwa mkulima mkubwa wa miwa Fort Bend, na mwenzake William Kyle, na miwa hiyo ililimwa na watumwa. Msaidizi wake Thomas Lubbock, kaka yake Francis akawa gavana wa Texas mwaka huo huo wa 1861. Aliyewarithi, John Wharton, alitoka Brazoria, wilaya iliyojaa mashamba ya watumwa. Wote watatu walikuwa wajumbe wa mkutano uliolitoa jimbo kwenye Muungano, na tamko la mkutano ule la tarehe 2 Februari 1861 linautaja utumwa waziwazi kuwa ndiyo sababu. Hawakuficha. Sasa kwa nini sisi tuwafichie?

Hatamu
Dada Zawadi, nimesema askari, wewe unanijibu viongozi. Kikosi kilikuwa na zaidi ya watu 1,000. Terry mwenyewe hakumaliza hata mwaka, aliuawa tarehe 17 Desemba 1861 pale Rowlett's Station, Kentucky, kwenye pambano lao la kwanza. Lubbock akafa kwa ugonjwa wiki chache baadaye. Utakihukumu kikosi cha miaka minne kwa watu wawili waliokufa mwanzoni?

Kitako
Na kifo cha Terry kinamjibu Nyundo. Pale Rowlett's Station hawakushindwa na gobore, walishindwa na mpangilio. Waliokuwa mbele yao ni kikosi cha 32 cha Indiana, Wajerumani watupu, amri zikitolewa kwa Kijerumani, wanalinda daraja la reli la mto Green lililokuwa linatengenezwa. Waliotawanyika uwandani waliumia kweli. Waliowahi kukusanyika wakajipanga mraba, singe nje pande zote, farasi wakagoma. Farasi hakanyagi ukuta wa singe hata umpige mijeledi. Kosa lao ni kurudia kuushambulia mraba kwa farasi badala ya kuteremka.

Nyundo
Wakiteremka wanapoteza robo ya bunduki zao. Kanuni ya wapanda farasi kupigana kwa miguu ni kwamba katika kila wanne mmoja anabaki nyuma ameshika farasi wa wenzake. Mia nne wanakuwa mia tatu. Na marisaa yenu ya mita 40 mbele ya bunduki ndefu ya askari wa miguu inayofika mita 250 bila shida?

Mla Mbivu
Mnahangaika na matonge na mideki, hawa si ndio waliokuwa na jenerali Forrest wa Kusini pale Fort Pillow walipochinja askari weusi waliojisalimisha? Hiyo sanamu iyeyushwe leo.

Bi Zawadi
Hapana ndugu yangu, hapo umeteleza, na mimi ni wa upande wako. Fort Pillow ilikuwa tarehe 12 Aprili 1864. Wapanda farasi wa Terry walikuwa na Forrest mwaka 1862, Fallen Timbers mwezi wa Aprili na Murfreesboro mwezi wa Julai. Kufikia 1864 walikuwa chini ya jenerali Joseph Wheeler, jeshi jingine, eneo jingine. Tukiwasingizia damu ambayo si yao tunampa Hatamu sababu ya kukataa na yale ya kweli.

Hatamu
Ahsante kwa haki hiyo, dada. Wengine wajifunze.

Bi Zawadi
Na wewe haki yako hii hapa: Fallen Timbers hawakumfukuza Sherman. Waliwavunja askari wake wa mbele waliokuwa wanahangaika kuvuka miti iliyolala chini, kwa marisaa kisha bastola, kama alivyoeleza Kitako. Walipofika kwenye mstari wa nyuma wa Sherman wakasimamishwa, na Forrest akapigwa risasi ya kiunoni. Shambulio zuri, ila liliishia hapo.

Hatamu
Kusimamishwa na brigedi nzima si aibu. Nyinyi mnapima ushujaa kwa ramani. Mtu amekaa kwenye tandiko miaka minne, Shiloh, Perryville, Chickamauga, mpaka Bentonville Machi 1865, vita vimeshapotea kila mtu anajua, bado wanashambulia kuokoa daraja la Mill Creek ambalo lilikuwa njia pekee ya jeshi lao kurudi nyuma. Kijana wa jenerali Hardee, miaka 16, aliumia pale akiwa nao, akafa. Hayo ndiyo ninayoyaheshimu.

Mwana Kwato
Miaka minne kwenye tandiko ni neno la kwenye jiwe la kaburi, mkuu. Tandiko linakaa juu ya farasi, na farasi hakai miaka minne. Jeshi la Muungano lilimpimia kila farasi kilo 6 na zaidi za majani makavu na kilo 5 na nusu za nafaka kwa siku. Kusini ilikuwa haina uwezo huo. Piga hesabu ya farasi 500 tu: hizo ni karibu tani 6 kila siku, na mabehewa ya kuzibeba nayo yanavutwa na nyumbu wanaokula. Ndiyo maana vikosi vya Wheeler vilikuwa vinahama kila mara, vinakula shamba hadi shamba. Anayeona ujanja wa kivita humo aangalie pia njaa.

Uvamizi wa Tennessee, Oktoba 1863: walichoma msafara mkubwa wa mabehewa ya Muungano kule Anderson's Crossroads, ushindi mkubwa. Lakini mwendo ulikuwa wa mchana na usiku, njia za mawe. Kiatu cha farasi kinashikwa na misumari kama minane. Ikilegea miwili mitatu kiatu kinacheza, kwato inamegeka, mnyama anachechemea, siku ya pili ameachwa. Mgongoni blanketi likijikunja chini ya tandiko unapata kidonda, na kidonda cha mgongo kwa farasi wa vita kinataka wiki kadhaa bila kupandwa. Nani anampa wiki? Tarehe 7 Oktoba pale Farmington walipigwa, na wengi walikuwa tayari juu ya wanyama waliokwisha.

Kitako
Mwana Kwato umenena. Ongeza na malipo. Kwa kanuni ya jumla ya jeshi la Kusini mpanda farasi anakuja na farasi wake, serikali inamlipa senti 40 kwa siku. Farasi akiuawa vitani unafidiwa thamani iliyoandikwa ulipojiandikisha. Akifa kwa njaa, ugonjwa au uchovu, hupati kitu. Bei za farasi zinapanda, pesa za karatasi zinaoza, thamani iliyoandikwa ni ile ile ya zamani. Asiye na farasi anaomba ruhusa akatafute mwingine au anapelekwa askari wa miguu. Kanuni hiyo iliwamaliza wapanda farasi wa Kusini polepole kuliko risasi.

Bi Zawadi
Mwana Kwato, Kitako, na nani alikuwa anawapa hao farasi maji alfajiri? Nani anapika, nani anafua, nani anabaki na mizigo? Vikosi vya Kusini vilitembea na watumwa waliopelekwa na mabwana zao kwa kazi hizo hizo. Na mahindi yaliyokuwa yanachukuliwa shamba hadi shamba, nani aliyalima wakati wanaume weupe wako vitani? Hesabu yako ya tani 6 inaanzia kwenye mikono hiyo. Mnaijua bei ya kiatu cha farasi, mmeiruka ya mtu.

Mwana Kwato
Hilo nakubali, nimeliruka.

Pwani Asili
Samahani, sisi huku lini vita vya Marekani vilituhusu?

Mkwaju
Vilitugusa nguoni. Ile nguo ya pamba tunayoiita merikani mpaka leo ilikuwa inatoka viwanda vya Marekani kuja Unguja. Vita vilipozuia pamba ya Kusini, nguo ile ikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua soko. Turudi kwenye sanamu tafadhali.

Mla Mbivu
Sanamu si walishaiondoa 2019?

Mkwaju
Hapana. Kilichoondolewa Januari 2019 ni kibao cha mwaka 1959 ndani ya jengo la bunge, kilichodai vita vile havikuwa uasi wala havikuwa vya kuulinda utumwa. Sanamu ya Terry ni kitu kingine.

Bi Zawadi
Kwenye suala la mawe, nina moja la kumwonyesha Hatamu. Wale Wajerumani wa Indiana waliouawa Rowlett's Station, mwenzao mmoja, August Bloedner, askari wa kawaida, aliwachongea jiwe kwa mkono wake, kwa Kijerumani, kati ya Desemba 1861 na Januari 1862. Likawekwa juu ya makaburi yao kule Munfordville, baadaye likahamishiwa Louisville pamoja na mabaki yao. Ni jiwe la chokaa, laini, herufi zikawa zinamomonyoka, ndipo likaingizwa ndani. Ndiyo kumbukumbu ya kale zaidi iliyobaki ya vita vile. Waliouawa na marisaa ya watu wa Terry wana jiwe lililochongwa na rafiki wakati kaburi bado bichi. Sanamu ya Austin ilikuja miaka 42 baada ya vita kwisha, mbele ya jengo ambamo sheria zinatungwa. Naomba uniambie hivyo viwili ni kitu kimoja.

Hatamu
Jiwe la Bloedner nalivulia kofia. Lakini na wale 1907 walikuwepo wazee waliobaki hai, walikuwa na wenzao wa kuwakumbuka. Mkiondoa, ondoeni na jina la mji wa Lubbock, maana ni la huyo huyo Thomas Lubbock. Ondoeni Terry County. Mtaishia wapi?

Bi Zawadi
Sijasema iondoke, kaka. Soma tena. Nataka kibao. Kiandikwe Terry alikuwa nani, tamko la 1861 lilisema nini, na kwamba watumwa wa Texas walisomewa uhuru wao Galveston tarehe 19 Juni 1865, kikosi hiki kikiwa kimekwisha kuvunjika. Mtoto asome yote mawili akiwa amesimama pale pale.

Hatamu
Kibao chenye hayo, na Mill Creek iandikwe pia, sitakipinga.

Nyundo
Kitako, bado hujanijibu. Bunduki imetundikwa mdomo chini kwenye tandiko, farasi anatroti siku nzima. Tonge la juu likilegea marisaa yanateleza kuelekea mdomoni, panabaki nafasi kati yake na baruti, na ukifyatua mtutu unavimba au unapasuka. Walifanyaje?

Kitako
Unaisukuma kwa mdeki kabla ya kupanda na kila mnaposimama kupumzisha farasi. Mdeki ukitokeza zaidi ya alama uliyoikwangua, ujue kuna kitu kimetembea.

Nyundo
Au uliishindilia mara mbili ukasahau.

Kitako
Au hilo. Ndiyo maana ya alama.