Tupeane uzoefu: wanyama wakali wakirudi, watu huwapokeaje?

Mpimaji
Wadau, tuzungumzie simba, mbwa mwitu wa kijivu, linksi (paka mwitu mkubwa) na dubu wanaporudi mahali walipokuwa wametoweka. Nani huwataka, nani huwakataa, na kwa nini? Hoja za "urithi wetu" tuziweke kando, zimeimbwa vya kutosha.

Naanza na dodoso. Swali la "unaunga mkono warudishwe?" linamtia mkazi wa ghorofani na mwenye kondoo hamsini kwenye kapu moja. Colorado, Marekani, kura ya 2020 ya kurudisha mbwa mwitu ilipita kwa karibu asilimia 51. Miji ndiyo iliyoibeba. Wanyama 10 wa kwanza walifunguliwa Desemba 2023 upande wa magharibi, ambako wengi walikuwa wamekataa. Kwa hiyo gawanya majibu kwa umbali wa makazi na kwa idadi ya mifugo, kisha uliza: "Ukikuta ndama kaliwa, utampigia nani simu?" Anayejibu "simpigii mtu" amekueleza mengi kuliko asilimia zako zote.

Mkaguzi wa Mizoga
Mkuu, hapo kwenye simu ndipo penyewe. Mzoga ukilala siku tatu bila mtu kufika, kijiji kizima kimeshaamua nani muuaji. Utaratibu: usiusogeze, funika kwa turubai, funga mbwa wa nyumbani. Sampuli ya mate ichukuliwe kwenye majeraha ndani ya saa 24, mvua ikinyesha mapema zaidi.

Kisha chuna ngozi ya koo. Damu ikiwa imevilia chini ya ngozi kuzunguka tundu za meno, mnyama aliumwa akiwa hai. Tundu zikiwa safi, nyama haina wekundu, alikufa kwa jambo jingine na akaliwa baadaye. Mbwa wa kufugwa mara nyingi huacha majeraha ovyo, miguu ya nyuma, masikio, ubavu, na kondoo wengi wamejeruhiwa bila kuliwa.

Kosa la wakaguzi wengi ni kuchuna wakiwa wamempa mwenye mali mgongo. Mwite achuchumae ubavuni, ashike ngozi, aone mwenyewe. Matokeo yakimnyima fidia, angalau hatasema umeyapika ofisini.

Waya Nne
Kuhusu uzio wa umeme: mbwa mwitu hupenda kupita chini kuliko kuruka. Waya wa chini usizidi sentimita 20 kutoka ardhini, kimo kiwe kama sentimita 120, na kipima volti kisishuke chini ya 4,000. Kinachoua uzio ni nyasi: zikigusa waya wa chini, umeme unavujia ardhini. Kiangazi nacho kina lake, udongo mkavu haupitishi umeme, kwa hiyo nondo za ardhini zizame zaidi au zimwagiwe maji.

Vitambaa vyekundu vinavyoning'inizwa kwenye kamba husaidia, ila ni vya wiki chache. Wakivizoea, vinabaki mapambo.

Na hili tusilifiche: aliyejengewa uzio mbovu akapoteza kondoo huwa mpinzani mkali kuliko ambaye hakujengewa kitu.

Hesabu
Fidia ya mizoga peke yake inazua ugomvi wa kila wiki. Sweden, tangu 1996, vijiji vya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, wanaofuga kulungu wa Aktiki hulipwa kwa idadi ya linksi waliozaa katika eneo lao. Huhitaji mzoga, unahesabu nyayo za mama na watoto kwenye theluji. Ubishi haukwishi, ila mnyama aliye hai ndiye analeta hela.

Mpimaji
Na aina ya mnyama ina uzito wake. Linksi wa Iberia (Uhispania na Ureno) hawakufika 100 mwaka 2002, leo wamepita 2,000. Chakula chake ni sungura, na wenye mashamba walifuatwa mmoja mmoja kwa mikataba kabla ya wanyama kufunguliwa. Hifadhi ya Akagera, Rwanda, simba 7 waliletwa 2015. Uzio wa kilomita kama 120 ulikuwa umeshasimama.

Waya Nne
Uzio huo nao una watu wa kuukagua kila siku. Hilo wanaoiga huwa hawalipangii bajeti.