Tupeane uzoefu: Albamu ya indie rock iliyobadilika masikioni mwako baada ya kuisikia jukwaani

Mwanzisha mada, London

Ndugu wanajamvi, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo moja tu: albamu ya indie rock (roki ya bendi zinazojitegemea, nje ya kampuni kubwa za muziki) ambayo uliizoea nyumbani kwa namna yake, kisha ukaikuta jukwaani ikiwa kitu kingine kabisa. Siombi orodha ya albamu bora, kwa kuwa orodha hizo zimejaa tele na ubishi wake hauishi. Naomba ulichokisikia mwenyewe.

Naanza na Loveless ya My Bloody Valentine, iliyotoka mwaka 1991. Kwa miaka mingi niliichukulia kuwa albamu ya usiku wa manane, kwa sababu sauti ya Bilinda Butcher imezamishwa ndani ya magitaa ya Kevin Shields kiasi kwamba maneno hayashikiki na kila kitu husikika laini. Mwezi Juni 2008, bendi hiyo iliporejea na kupiga katika ukumbi wa Roundhouse, tuligawiwa vizibo vya masikio mlangoni, nami nilivivaa bila aibu. Walipofika kwenye wimbo wao You Made Me Realise, waliuacha wimbo katikati wakashikilia kelele moja ya magitaa kwa muda mrefu, hata shati likawa linanicheza kifuani. Ukivumilia, masikio huanza kusikia sauti ambazo hakuna mtu anayezipiga. Tangu hapo naisikia Loveless kama kelele ileile iliyopunguzwa tu, na ulaini wake siuamini tena.

Mchangiaji, Minneapolis

Ahsante kwa mada, mkuu. Mimi ni mpenzi wa Low, bendi ya mji wa Duluth katika jimbo hili la Minnesota. Nguzo zake zilikuwa Alan Sparhawk, mwenye gitaa, na mkewe Mimi Parker, aliyepiga ngoma akiwa amesimama, kwa vipande vichache mno, mara nyingi kwa brashi badala ya fimbo. Katika albamu yao ya mwaka 1996, The Curtain Hits the Cast, mna wimbo uitwao Do You Know How to Waltz?, unaokaribia robo saa na ambao wasikilizaji wengi huuruka.

Tarehe 15 Juni 2013 nilihudhuria Rock the Garden, tamasha la wazi lililoandaliwa na Walker Art Center pamoja na redio ya The Current. Siku ilikuwa ya mvua, watu wamejifunika makoti ya plastiki, na kila mmoja ana wimbo wake anaoungoja. Low wakapanda, wakapiga wimbo huo mmoja peke yake kwa takriban dakika 27, Sparhawk akatoa maneno machache ya kupinga ndege za kivita zisizo na rubani, wakashuka. Mwanzoni waliokuwa karibu nami walidhani ni utangulizi. Kijana mmoja alikwenda kununua bia, akapanga foleni, akarudi na kukuta mlio uleule. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeuanzisha. Jioni hiyo mtandao wa Twitter ulijaa lawama, nami nakiri kwamba ziliniburudisha.

Mimi nimekulia Dar es Salaam, katika nyumba ya wapenzi wa muziki wa dansi, kwa hiyo wimbo kurefushwa ukumbini si jambo geni kwangu. Lakini sebene hurefushwa ili watu wacheze, ilhali Low walirefusha bila kumpa mtu pa kushika, na kadiri muda ulivyokwenda ndivyo nilivyoanza kulisikia kila pigo la Bi. Parker kama tukio linalojitegemea. Alifariki Novemba 2022. Wimbo ule siuruki tena, na ninachousikilizia ni brashi zake.

Mchangiaji, aliyesoma Washington

Naleta Fugazi. Nilikuwa mwanafunzi mjini Washington miaka ya 1990, nao walikuwa bendi ya pale pale: kiingilio kwa kawaida dola 5, hawauzi fulana, na hawapandi jukwaani na orodha ya nyimbo iliyopangwa. Katika albamu yao In on the Kill Taker ya mwaka 1993 sikuweza kutenganisha gitaa la Ian MacKaye na la Guy Picciotto. Katika bustani ya Fort Reno, ambako maonyesho ya kiangazi yalikuwa ya bure, niliona kwa macho kwamba mmoja anauliza na mwingine anajibu. Kwenye kumbi za kulipia, MacKaye alikuwa radhi kuusimamisha wimbo ili kumwonya anayewaumiza wenzake, na mkorofi sugu alirudishiwa dola zake 5 na kuonyeshwa mlango.

Mchangiaji, Nairobi

Natofautiana nanyi kidogo. Huku kwetu bendi hizo hazifiki, kwa hiyo nategemea video za redio ya KEXP ya Seattle, ambazo faida yake ni kwamba unaviona vidole. Hata hivyo zipo albamu ambazo jukwaa huzipunguza. Justin Vernon alirekodi sehemu kubwa ya For Emma, Forever Ago, albamu aliyoitoa kwa jina la Bon Iver, akiwa peke yake katika kibanda cha babake huko Wisconsin, wakati wa baridi, na kila nikimwona akiziimba nyimbo zile amezungukwa na wanamuziki, nasikia umati mahali palipopaswa kuwa na mtu mmoja.

Mkuu wa Washington, hao Fugazi wameacha rekodi za maonyesho?

Mchangiaji, aliyesoma Washington

Wameacha nyingi. Mafundi wao walirekodi maonyesho zaidi ya 800, na lebo yao ya Dischord ilianza kuyaweka mtandaoni mwaka 2011, kwa bei inayopendekezwa ya dola 5 kila moja. Ubora unatofautiana sana, na baadhi ya kaseti zina mvumo unaochosha. Mimi ningekushauri utafute moja ya miezi ya kabla ya albamu yao Red Medicine kutolewa mwaka 1995, kisha uiweke sambamba na albamu yenyewe.